Bawa Lililoota Kwenye Kitabu cha Kanuni



Vijana wetu hufunga spoila kwenye Vitz, kisha wakakaa nayo foleni. Siwacheki. Nawakumbusha hesabu tu: mwendo ukizidi mara 5, nguvu ya upepo huzidi mara 25. Kwa kilomita 60 kwa saa spoila ni pambo. Kwa kilomita 300 ndiyo inayokurudisha nyumbani.

Gari la mhadhara huu lilihitaji bawa kweli. Dodge Charger ya 1968 ilipendeza sana ikiwa imesimama. Uso wake ulizama ndani kama pango, na kioo cha nyuma kilikaa shimoni kati ya mbavu mbili za paa. Injini haikuwa na upungufu: Hemi ya lita 7, ndugu wa ile iliyompa dereva Richard Petty ushindi wa mbio za Daytona 500 mwaka 1964. Ila kwenye viwanja virefu vya NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani, hewa ilinasa usoni, ikavurugika nyuma, na gari likawa jepesi pale pale dereva alipotaka liwe zito.

Chrysler, wenye chapa ya Dodge, walianza kwa staha. Charger 500 ililetewa uso mbele na kulaziwa kioo. Ford wakajibu kwa Torino Talladega. Hapo staha ikaisha: mwaka 1969 ikatoka Charger Daytona, yenye pua ya chuma iliyochongoka na bawa lililosimama kama sentimita 58 juu ya buti. Husimuliwa kwamba liliinuliwa hivyo ili buti lifunguke. Simulizi tamu, lakini mhandisi hutazama kwingine: juu pale bawa hukutana na hewa ambayo paa halijaivuruga.

Sasa, kwa nini kiwanda kimuuzie mwananchi wa kawaida chombo cha namna hiyo? Kanuni. NASCAR haikuruhusu gari lisilouzwa dukani, na kiwango kilikuwa magari 500. Dodge wakatengeneza mia tano na kidogo, basi. Mtu alinunua tiketi ya kiwanda kuingia mashindanoni, akaiendesha kwenda sokoni.

Gari lilianza kushindana Talladega, Alabama, tarehe 14 Septemba 1969, na siku yenyewe ilikuwa na mkosi. Uwanja ulikuwa mpya, kona zimeinama nyuzi 33, na matairi yalichanika kwa mwendo ule. Madereva wengi wakubwa, Petty akiwa kiongozi wao, waligoma wakaondoka. Richard Brickhouse alibaki, akashinda kwa Daytona. Mimi sioni kwamba waliogoma walikuwa waoga. Wahandisi walikuwa wamekimbia mbele ya mpira wa matairi. Miezi sita baadaye, tarehe 24 Machi 1970, dereva Buddy Baker, akiwa ndani ya Daytona, alizunguka uwanja huo huo kwa maili 200.447 kwa saa, yaani kilomita 322 na ushei.

Petty alikuwa amehamia Ford. Plymouth, chapa nyingine ya Chrysler, wakamrudisha kwa kumpa ndugu wa Daytona, Superbird. Safari hii kanuni ilidai gari moja kwa kila maduka mawili ya kampuni, karibu magari 2,000, na wateja hawakuwa wengi kiasi hicho. Superbird zilikaa uani zikipigwa jua, hata baadhi ya wauzaji wakang'oa pua na bawa wapate kuziuza. Uwanjani mambo yalikuwa mengine: Pete Hamilton alitwaa Daytona 500 ya 1970 kwa Superbird, na ubingwa wa msimu ukaenda kwa Bobby Isaac wa Dodge.

Kwa msimu wa 1971 NASCAR haikupiga marufuku mabawa. Iliandika tu kwamba gari lenye bawa lisizidi injini ya lita 5, huku mengine yakiruhusiwa 7. Kwenye Daytona 500 ya mwaka huo gari moja pekee la mabawa lilijitokeza, Daytona ya Dick Brooks, na injini yake ndogo. Alimaliza wa saba.