Kiatu Kinachoshonwa Upya: Namna ya Kupima Ubora na Thamani ya Viatu vya Ngozi vya Bei Kubwa

Mazungumzo ya elimu kwa walaji, Sola, Mkoa wa Simiyu



Jambo tulilokuja nalo ni dogo kwa sura lakini ni zito kwa mfuko. Tunazungumzia viatu vya ngozi vya bei kubwa: vile anavyonunuliwa bwana harusi, anavyovaa mwalimu au diwani, na ambavyo mkulima akishalipwa fedha za pamba hujinunulia kwa nia ya kukaa navyo miaka mingi. Fedha za pamba huja mara moja kwa msimu. Anayedanganywa katika kiatu cha shilingi laki tatu hajapoteza kiatu peke yake. Amepoteza pia mahitaji ya shule ya mtoto au fedha za kununulia ndama.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya viatu, kibaya nacho kimejifunza kuvaa sura ya kizuri. Kwa hiyo mlaji anapaswa kujua mahali pa kutazama. Mahali penyewe si ncha ya kiatu inayong'aa, wala jina lililopigwa chapa ndani yake. Ni pale soli inapokutana na ngozi ya juu.

Namna soli inavyoungwa

Njia zinazotumika zaidi ni tatu. Ya kwanza ni kubandika soli kwa gundi. Ni njia ya haraka na ya gharama ndogo, na si kosa kuitumia, maadamu bei inalingana nayo. Ya pili ni kushona soli moja kwa moja kutoka ndani ya kiatu hadi chini. Kiatu cha namna hii huwa chepesi na chembamba, lakini maji hupenya kwa urahisi kupitia matundu ya mshono, na kubadilisha soli yake huhitaji mashine maalumu.

Njia ya tatu ndiyo inayobeba bei kubwa. Ngozi ya juu huvutwa juu ya foroma, ikakazwa ikishika umbo la mguu. Kisha fundi huishona pamoja na soli ya ndani na ukanda mwembamba wa ngozi unaozunguka kiatu pembeni. Huo ni mshono wa kwanza. Nafasi inayobaki katikati hujazwa, mara nyingi kwa chembe za gome lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, ili mguu upate kutulia. Mwishowe soli ya chini hushonwa kwenye ule ukanda. Huo ni mshono wa pili.

Faida yake ni hii: soli ya chini haikushikamana na ngozi ya juu, bali imeshonwa kwenye ukanda tu. Ikilika, fundi hufumua mshono wa pili, akatoa soli kuukuu na kushona mpya, bila kugusa mshono wa kwanza wala ngozi ya juu.

Kwa karne nyingi kazi hiyo yote ilifanywa kwa mkono. Katika karne ya 19 ilipatikana mashine ya kushona ukanda, iliyoenezwa nchini Marekani na Charles Goodyear Mdogo. Ndiyo sababu baadhi ya viatu huandikwa neno Goodyear. Tunaomba hapa tueleweke vizuri, kwa kuwa jina hilo wengi wetu tunalijua kwenye matairi. Baba yake ndiye aliyegundua namna ya kuipika mpira kwa salfa ili uwe imara, na kampuni ya matairi iliyoanzishwa mwaka 1898 ilichukua jina la huyo baba kwa heshima. Kwa hiyo neno hilo kwenye kiatu hutaja namna ya kushona. Halimaanishi kwamba soli ni ya tairi. Anayetaka soli ya tairi, katambuga zipo minadani, nazo hazihitaji bei hiyo.

Ukanda wa kweli na ukanda wa mapambo

Kwa kuwa ukanda umekuwa alama ya ubora, wapo watengenezaji wanaouweka kama pambo. Kiatu kimebandikwa kwa gundi, lakini pembeni kimezungushiwa utepe wenye nyuzi zisizoshika kitu. Kabla ya kutoa fedha, tunashauri mambo manne.

Kwanza, tazama nyuzi za pembeni kwa utulivu. Kama "nyuzi" ni alama zilizofinyangwa pamoja na soli ya plastiki, hapo hapana mshono. Uzi wa kweli huzama katika tundu lake na kuibana ngozi.

Pili, geuza kiatu utazame chini. Katika viatu vingi mshono wa pili huonekana kwenye soli. Usipoonekana, usihukumu haraka, kwa maana mafundi wengine huuficha katika mfereji uliokatwa na kufunikwa. Muulize muuzaji akuonyeshe mstari wa mfereji huo.

Tatu, shika soli kwa mkono mmoja na ngozi ya juu kwa mkono mwingine, ukivuta kwa upole. Katika ufa mdogo kati ya ngozi ya juu na ukanda unaweza kuziona nyuzi za mshono wa kwanza. Ukiona gundi tupu, uliza maswali zaidi.

Nne, ingiza mkono ndani. Ukipapasa mstari wa nyuzi juu ya soli ya ndani, kiatu hicho kimeshonwa kwa njia ya pili tuliyoieleza, hata kama kina ukanda nje. Chunguza pia kama soli ya ndani ni ngozi au kadibodi. Kadibodi ikilowa hulegea, na haitaweza kushika mshono miaka mingi.

Maneno "ngozi halisi"

Ninyi ni wafugaji, na ngozi mnaijua kabla haijafika kiwandani. Mnajua kwamba chapa ya moto, mikwaruzo ya miiba, kupe na kisu cha mchunaji asiye makini huacha alama zisizofutika. Kiwandani ngozi nene hupasuliwa tabaka. Tabaka la juu, lenye vinyweleo, ndilo imara kuliko yote. Tabaka la chini ni dhaifu zaidi, na mara nyingi hupakwa rangi nzito ya plastiki na kupigwa muhuri unaoiga vinyweleo. Zote mbili zimetoka kwa mnyama. Kwa hiyo maneno "ngozi halisi" yanaweza kuwa kweli na bado yasikuambie lolote kuhusu ubora.

Kunja kiatu taratibu pale vidole vinapopindia. Ngozi ya tabaka la juu hufanya mikunjo midogo midogo ambayo hulainika ukiachia. Yenye plastiki nzito hufanya mistari mikali, na baadaye hubanduka kama rangi ya ukuta. Tazama pia ukingo uliokatwa, kwenye ulimi wa kiatu kwa mfano: ngozi huonyesha nyuzinyuzi, plastiki huwa laini kama karatasi. Harufu isikuhadae, kwa kuwa hupuliziwa. Na ile tabia ya kujaribu ngozi kwa kiberiti tunaomba ikome. Huharibu mali ya mtu, na matokeo yake hupotosha, kwa sababu hata ngozi nzuri iliyopakwa rangi huweza kuungua juu juu.

Hesabu ya thamani

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei za duka lolote. Kiatu cha gundi cha shilingi 40,000 kinachodumu mwaka mmoja humgharimu mlaji 40,000 kwa mwaka. Kiatu cha ukanda kinauzwa 300,000, soli yake hudumu miaka mitatu, na kushona soli mpya ni 50,000. Kikivaliwa miaka 12 kwa kubadilisha soli mara tatu, jumla ni 450,000, yaani 37,500 kwa mwaka. Hapo mwenye kiatu cha ghali amepata nafuu, na amevaa kizuri muda wote.

Lakini kikiachwa baada ya soli ya kwanza kulika, kimegharimu 100,000 kwa kila mwaka. Bei ile ile, kiatu kile kile, ila thamani imepotea. Kwa hiyo kabla ya kununua jiulize: nani atakishona upya? Fundi wa karibu ana uwezo wa kushona kwenye ukanda, au atabandika kwa gundi na kupigilia misumari? Kama hakuna, hesabu nauli ya kwenda na kurudi mjini. Jijini Mwanza, Kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam hufundisha teknolojia ya ngozi. Tunawahimiza vijana wa Simiyu waifikirie fani hii, maana ng'ombe tunao.

Thamani hutegemea pia udongo. Soli ya ngozi hupendeza ofisini na kanisani, lakini katika tope la mbuga wakati wa masika hulowa na kulika upesi. Kwa mazingira yetu, kiatu cha ukanda chenye soli ya raba hufaa zaidi. Kikilowa, kijaze karatasi na ukianike kivulini. Jua kali na moto wa jikoni huikausha ngozi hadi ipasuke. Ukiweza, usikivae siku mbili mfululizo.

Kipimo nacho kisisahauliwe. Jaribu viatu jioni, miguu ikiwa imetanuka, na uvae vyote viwili. Ngozi hutanuka upana, haiongezeki urefu.

Kwa wanunuzi wa mitumba

Katika mitumba hupatikana viatu vya ukanda kutoka Uingereza, ambako mji wa Northampton una sifa ya kazi hiyo tangu zamani. Kanuni ni moja: soli iliyolika hutengenezeka, ngozi ya juu iliyopasuka haitengenezeki. Chagua chenye soli mbovu na ngozi nzima. Kiache chenye soli mpya na nyufa penye mikunjo.

Haki na wajibu wa mlaji

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kwa hiyo muuzaji akisema kiatu kimeshonwa kwa ukanda na ni ngozi ya tabaka la juu, mwombe ayaandike maneno hayo kwenye risiti. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Tangazo la dukani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi halimpi mtu ruhusa ya kudanganya.

Dai risiti, itunze, na ukigundua kasoro rudi dukani mapema ukiwa na kiatu na risiti hiyo. Usikipeleke kwanza kwa fundi mwingine, kwa sababu akikifumua ushahidi umepotea. Msipoelewana, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Panapohusika ubora wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania nalo hupokea taarifa.

Tumeleta jozi mbili za viatu, moja ya ukanda wa kweli na moja ya ukanda wa mapambo, zote zimekatwa katikati. Tunawakaribisha mpite mbele, mzishike na kuzilinganisha, kisha tupokee maswali.