Pwani ya Ruvuma kwa Mtumbwi na kwa Miguu



Tumetakiwa tueleze habari za pwani iliyo kati ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Mto Ruvuma, tuliyoitembelea kwa siku tatu, mara kwa mtumbwi, mara kwa miguu. Wengi huijua kwa sababu ya gesi iliyovumbuliwa huko mwaka 1982. Tangu mwaka 2000 ni Hifadhi ya Bahari, yenye kilometa za mraba 650 hivi, na mgeni hapana budi apate ruhusa kwanza.

Msafiri wa huko hutawaliwa na maji. Siku za bamvua bahari hupwa kabisa kiasi cha saa 4 asubuhi, hujaa saa 10 alasiri, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo asubuhi tulitembea, na mchana tukashika makafi. Atakayegeuza mpango huu atajikuta amekalia tope na mtumbwi wake, au amebanwa na mawimbi chini ya majabali ya matumbawe. Majabali hayo yameliwa na bahari kwa chini, hata juu yamejitokeza kama upenu wa nyumba. Na mawe yake hukata kama wembe. Makubazi hayafai hata kidogo.

Kwenye mikoko ni shida ya namna nyingine. Tuliingia kijito kimoja pamoja na maji yanayojaa, tukapita chini ya matawi, mikaka huku na michu huku, hata kafi ikakosa nafasi, tukasukuma kwa upondo. Hapo ndipo tulipofahamu yaliyompata Dr. Livingstone. Mwaka 1861 aliingia Ruvuma kwa merikebu ya moshi, akarudi kwa kuwa maji ya mto yalikuwa yanapungua. Mwaka 1862 alipanda kwa mashua mpaka akazuiwa na miamba. Machi 1866 akaja tena na ngamia, nyati, nyumbu na punda. Lakini mikoko ya mlangoni haikumpa mahali pa kuteremshia ngamia, akaenda kushukia upande wa Mikindani. Vitabu vingi husimulia safari zake za bara. Tope hili hawalitaji sana, nalo ndilo lililomgeuza njia.

Siku ya tatu tulifika mlangoni kwenyewe. Mto uliotoka milima ya Matogoro, karibu na Songea, hapa unamwaga maji yake yenye rangi ya udongo, na ng'ambo ni Msumbiji. Ilikuwa saa 3, maji yakitoka kwa nguvu, na kusi ikivuma kutoka baharini. Vijana wetu wawili walitaka kuingia mtoni mara moja, maana kwa macho palionekana pafupi tu. Mzee mmoja mvuvi, ambaye tuliafikiana naye atuongoze, akakataa kabisa kugusa kafi.

Kijana mmoja akamwambia, "Babu, mbona mawimbi yenyewe ni madogo?"

Mzee akajibu, "Hayo uyaonayo ni ya huku, mjukuu wangu. Tazama pale kwenye fungu."

Tukatazama. Mkondo wa mto na maji yanayokupwa vilikuwa vikienda mbele, upepo ukirudisha nyuma. Mawimbi yalisimama wima juu ya fungu la mchanga, yakavunjika yote kwa pamoja. Mtumbwi ungejaa maji kabla ya kuvuka, na mkondo ungewachukua watu hadi bahari kuu. Wala ndani ya mto hapana pa kuogelea, kwa sababu ya mamba na viboko.

Tulingoja zaidi ya saa tatu kivulini, vijana wakinung'unika. Baada ya saa 6 maji yakaanza kurudi, fungu likatulia. Mzee akatazama mara mbili, akasukuma mtumbwi. Tukaingia Ruvuma, wala mfuko wetu wa unga haukulowa.