Maana za Neno "Partial"

Jua lilipopatwa tarehe 3 Novemba 2013, likafunikwa lote kwa muda mfupi kando ya Ziwa Turkana ilhali hapa Nairobi lilifunikwa sehemu tu, Waingereza walikuita kupatwa huko kwa sehemu "partial", kama wanavyoyaita malipo ya mpangaji aliyetoa baadhi ya kodi akabakiza nyingine. Ama kadhi anayeelemea upande wa sahibu yake, huyo naye ni "partial", na kinyume chake, "impartial", ni mwadilifu, wala hakina maana ya kitu kamili, jambo linalowaghalibu wanafunzi wengi. Na mtu akiwa "partial to" nyama ya soko la Burma hapa Nairobi, basi anaipenda mno.