WATOTO WETU WASINGOJE GARI LA MSAADA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kilosa na Mikumi)



Tumekuiteni kwa jambo moja. Twataka kuchora picha kubwa ya kitambaa, tuiuze, na fedha zake ziwe mfuko wa watoto wetu. Twajua wako watakaocheka na kusema picha ni mchezo. Basi na wasikie habari hii.

Mwaka 2020, korona ilipofunga milango ya dunia, mchoraji Mwingereza, Sacha Jafri, alikaa katika ukumbi wa hoteli huko Dubai akachora picha moja ya meta za mraba 1,595, karibu robo ya kiwanja cha mpira wa miguu. Watoto wa nchi nyingi walimpelekea michoro yao, naye akaiingiza katika kazi yake. Picha ikagawanywa vipande 70 ili viuzwe mbalimbali. Machi 2021 mtu mmoja alivinunua vyote kwa dola milioni 62, fedha zilizokusudiwa kusaidia watoto kwa njia ya mashirika kama UNICEF na Dubai Cares.

Sisi hatuna tajiri wa namna hiyo, wala hatumtafuti. Azimio la Arusha la 1967 lilikataa kuzifanya fedha za wageni kuwa msingi wa maendeleo yetu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Uchoraji nao si mgeni kwetu. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza mwaka 1968 huko Dar es Salaam kuchora juu ya vibao kwa rangi za baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na hata leo wachoraji wengi wanakula kwa jina lake.

Kwa nini mfuko? Mnayakumbuka mafuriko ya Januari 2010. Mto Mkondoa ulivunja kingo, maelfu ya watu wakakosa makazi, watoto wakalala katika mahema. Msaada ulikuja, twashukuru. Lakini mtoto aliyelowa usiku hawezi kungoja mpaka barua ifike mjini na kurudi. Blanketi lake na daftari lake la shule yafaa viwepo kabla ya maji.

Basi tufanyeje? Akina mama wanajua: mkeka hausukwi wote kwa siku moja. Husukwa ukili, kisha ukili hushonwa kwa ukili. Kila tawi lichore kipande chake: Kimamba wachore mkonge, Mikumi wachore tembo, Kilosa wachore reli na mto. Watoto wa wakulima na watoto wa wafugaji wachore pamoja. Wilaya hii imekwisha kuona damu kwa ugomvi wa malisho na mashamba, na mikono iliyoshika brashi moja itaona haya kushika silaha.

Vipande vikishonwa, picha itandazwe Mikumi, mahali ambapo barabara kuu ya kwenda Zambia hupita na wasafiri ni wengi. Baadaye tufanye mnada, kipande kwa kipande, ili hata mwenye fedha kidogo anunue. Haba na haba hujaza kibaba.

Liko swali moja ambalo mnalificha mioyoni: fedha atashika nani? Mna haki ya kuuliza, kwa maana michango mingi imekufa hapo. Twashauri hivi. Washike watu watatu, na wawili kati yao wawe akina mama. Daftari lisomwe hadharani kila mwezi. Posho isitoke humo hata senti moja. Asiyekubali masharti haya, asiombe kazi hiyo.

Hatutafuti picha iliyo kubwa kuliko zote duniani. Twatafuta ile ambayo mtoto wa Kilosa ataweza kuinyoshea kidole na kusema: hii ilichorwa na watu wetu kwa ajili yetu. Wenyeviti wa matawi, leteni majina ya wachoraji.

Uhuru na Kazi!