Maktaba ya Chuo na Chumba Chetu cha Kusomea

(Hotuba ya mwalimu mkimbizi katika mkutano wa Kamati na walimu, Kibenga, Bujumbura)



Nimeombwa niseme juu ya chumba cha kusomea, maana wapo wanaotaka kigawanywe, nusu yake iwe stoo. Kabla ya kujibu, nitawaeleza maktaba ya chuo cha ualimu nilikosoma.

Nilipoingia mwaka wa kwanza, mwanafunzi hakuruhusiwa kufika kwenye rafu. Uliandika jina la kitabu kwenye kikaratasi, ukakipitisha dirishani, ukangoja. Ukumbi wote ulikuwa wa vitabu. Sisi wasomaji tulikuwa na meza mbili karibu na mlango. Baadaye rafu zilifunguliwa. Kisha makabati ya kadi yaliondolewa, zikaja kompyuta, ambazo umeme ukikatika zilikuwa za kutazama tu. Lakini makabati yalipotoka ilipatikana nafasi ya meza sita, na hapo ndipo nilipozoea kusoma kitabu mpaka mwisho.

Vyuo vikubwa navyo vimebadilika. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia mlimani mwaka 1964. Maktaba yake mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilifunguliwa mwaka 2018: nafasi ya vitabu 800,000, na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Angalieni, wajenzi walihesabu na viti.

Sisi tuna kabati moja. Nimesikia watu wakisema: "Vitabu vyenyewe vichache, chumba chote cha nini?" Ndugu zangu, vitabu vikiwa vichache ndipo mabenchi yanapohitajika zaidi. Kitabu kimoja cha hesabu kinasomwa na watoto watano. Hakiwezi kwenda nyumbani na mmoja. Na huko kwenye mahema, saa moja jioni giza limeshaingia. Mtoto atasomea wapi?

Stoo ni lazima, sikatai. Unga hauwezi kulala nje. Naomba ijengwe upande wa nyuma, kwa mabati yaliyobaki. Kabati lisogezwe ukutani, liinuliwe juu ya matofali. Ninyi mnaoishi karibu na ziwa mliona maji yalivyopanda mwaka 2024. Taa ya sola ibaki katikati ya chumba, na ufunguo asikae nao mtu mmoja. Hata mimi.

Mabenchi mawili yamevunjika miguu. Jumamosi asubuhi nitakuwepo na misumari. Mwenye nyundo aje nayo.