Bahasha Isiyo na Jina



Wapendwa wasikilizaji, mwezi wa Novemba Mama Kanisa anatualika kwa namna ya pekee kuwaombea marehemu wetu. Mnaijua desturi ya parokia zetu: waamini huleta bahasha zenye majina ya marehemu wao, na majina hayo husomwa kanisani. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa paroko huko vijijini, bibi mmoja mzee alileta bahasha yake. Ndani yake mlikuwa na sarafu chache na kipande cha karatasi kilichoandikwa na mjukuu wake: "Baba mkubwa wa bibi, aliyechukuliwa Kariakoo." Jina halikuwapo. Nilipoifikia karatasi ile mbele ya waamini nilisita, kisha nikaiweka chini ya nyingine na kuendelea kusoma.

Baada ya Misa bibi yule alinisubiri kwenye mlango wa sakristia. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Baba, yule wa kwetu hukumwona?" Ndipo aliponieleza. Marehemu alikuwa kaka mkubwa wa baba yake, kijana ambaye hakuwahi kuoa, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita na asirudi. Baba yake, kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa, alimwita "kaka" maisha yake yote. Naye alipofariki, jina la kaka yake lilizikwa pamoja naye.

Ndugu zangu, wale waliochukuliwa Kariakoo ni akina nani? Wengi wetu tunalijua neno hilo kama jina la soko la Dar es Salaam. Kumbe asili yake ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliotumikia jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao ilikuwa mahali pale. Vita hiyo ilipiganwa katika nchi zetu kuanzia Agosti 1914 hadi tarehe 25 Novemba 1918, siku jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe. Basi risasi, unga, dawa na hata vipande vya mizinga vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu.

Kwa upande wa Waingereza peke yake, inakadiriwa kwamba wapagazi walifikia kama milioni moja. Hesabu za serikali zilitaja vifo vipatavyo 95,000, na wataalamu wengi huona kwamba waliokufa walikuwa zaidi. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu, njaa na uchovu. Wajerumani nao walichukua wapagazi kwa nguvu. Chakula cha vijiji kilinyang'anywa na majeshi ya pande zote, na Wagogo hadi leo wanaikumbuka njaa ya Mtunya iliyoandamana na vita hiyo.

Ukipita Barabara ya Samora, Dar es Salaam, utaiona sanamu ya askari wa shaba, iliyosimamishwa mwaka 1927, ameelekeza bunduki yake upande wa bandari. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja askari, na pia wapagazi, ambao yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanaahidi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ni ahadi nzuri. Lakini zunguka mnara ule pande zote, tafuta jina la mpagazi mmoja tu: hulipati. Yule kijana wa bibi hakuacha mwana. Nani basi alikumbuke jina lake?

Msidhani kwamba jambo hili lilitokea kwa bahati mbaya. Tume ya Makaburi ya Vita ya Waingereza, iliyoanzishwa mwaka 1917, ilikuwa na kanuni kwamba waliokufa wote waheshimiwe sawasawa, bila kujali cheo, rangi wala dini. Kwa Wazungu kanuni hiyo ilitekelezwa: jina, cheo, siku ya kufa. Kwa Waafrika wengi haikutekelezwa. Baadhi ya maofisa waliandika kwamba Waafrika hawangeelewa maana ya jiwe la kaburi. Waliosema hivyo walizungumza juu ya watu ambao hutaja mababu zao katika kila tambiko na kuwapa watoto wao majina ya waliokufa!

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, ukweli umeanza kutoka. Mwaka 2021 Tume hiyo ilitoa taarifa ikakiri kosa na kuomba radhi. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo watafiti wanafungua majalada ya kale, na nchini Kenya majina ya maelfu yamepatikana katika hati zilizokuwa zimesahaulika. Januari 2025, mjini Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wa wafanyakazi wa jeshi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700, wengi wao weusi, ambao hawakuwa wamewekewa ukumbusho hapo awali. Kila mmoja amepewa nguzo yake ya mti tunaouita mvule, na juu yake limeandikwa jina lake.

Wapendwa, kwa nini padre awaeleze habari hizi siku ya Dominika? Kwa sababu jina ni jambo la imani. Mchungaji mwema, asema Yohane, huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake (Yn 10:3). Katika mfano wa tajiri na maskini (Lk 16:19-31), tajiri hana jina. Mwenye jina ni Lazaro, aliyelala mlangoni na vidonda vyake. Wanadamu huandika kinyume chake. Na nabii Isaya anamgeukia yule asiye na mtoto, anayejiona mti mkavu, na kumpa ahadi ya Mungu: ndani ya nyumba yake atapewa ukumbusho na jina, lililo bora kuliko kuwa na wana na mabinti, jina lisilofutika (Isa 56:3-5). Ahadi ya mnara wa shaba iliwategemea wana. Ahadi ya Mungu inamfikia hata kijana aliyekufa porini kabla ya kuoa.

Lakini angalieni: Mungu kukumbuka hakutupi sisi ruhusa ya kusahau. Yuda Makabayo hakusema, "Mungu anawajua walioanguka, yatosha." Alikusanya mchango akaupeleka Yerusalemu, itolewe sadaka kwa ajili yao (2 Mak 12:43-46).

Basi, makatekista wapendwa, nawapa kazi ya mwezi huu. Katika jumuiya ndogo ndogo waulizeni wazee: Nani wa ukoo wenu alikwenda Kariakoo? Nani alichukuliwa na Wajerumani? Alitoka kijiji gani, aliitwaje, alionekana mara ya mwisho wapi? Andikeni katika daftari, na taja jina la aliyewasimulia. Palipo na vitabu vya zamani vya ubatizo na vya marehemu, mwombeni paroko mvitazame pamoja naye. Jina lisipopatikana, msibuni. Marehemu hahitaji heshima ya uongo. Andikeni mnachokijua: "kaka wa fulani, wa kijiji fulani." Wala msiulize kama alikuwa Mkristo, Mwislamu au mfuasi wa dini ya mababu. Mzigo wa vita haukuwabagua, na sala yetu isiwabague.

Mwaka uliofuata bibi yule alileta karatasi yenye maneno yale yale. Safari hii niliisoma kama ilivyoandikwa, na waamini wakaitikia kama wanavyoitikia kwa marehemu wengine wote. Nilimtazama bibi katika benchi lake la mbele. Alifanya ishara ya msalaba, akakaa.

Ee Mungu, unayemwita kila mtu kwa jina lake, uwapokee wote waliobeba mizigo ya wengine na kufa njiani bila kaburi. Utusamehe sisi tuliowapita kimya, na utujalie siku moja kuyasikia majina yao kinywani mwako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.