Rekodi za Mahagi Zilale Wapi? Picha za Papo, Nakala Rudufu na Kazi ya Kurejesha



Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huko The Hague, ilimtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji, kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 hapa mkoani Ituri, kati ya 2002 na 2003. Kesi nzima iliegemea swali ambalo nchi nyingine hulijibu kwa kufungua kabati la ofisi: mtoto huyu alizaliwa lini? Kwetu kabati halikuwa na jibu la kuaminika. Madaftari ya shule yaliwekwa mezani, yakalinganishwa na kadi za wapiga kura, na hayakupatana. Wataalamu wakaangalia eksirei za mifupa na meno. Baadhi ya mashahidi waliwekwa kando kwa kuwa hata utambulisho wao ulitiliwa shaka, na majaji wakalazimika kutegemea sana mikanda ya video ambamo sura za watoto zilionekana wazi kuwa za watoto.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta, si mwanasheria. Nimeitaja hukumu hiyo kwa sababu sijui mahali pengine ambapo uzito wa rekodi ulionekana kwa uchungu kiasi hicho. Tangu wakati ule rekodi nyingi zimeondoka kwenye daftari zikaingia kwenye seva. Zoni za afya zinapeleka takwimu zake za kila mwezi katika mfumo wa taifa wa habari za afya kwa kutumia DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo. Forodha inafanya kazi kwa Sydonia, programu ya UNCTAD. Alama za wanafunzi, mafaili ya wagonjwa, mishahara ya walimu, vyote vinaelekea huko huko. Nami nauliza: mtambo ukifa usiku wa leo, kesho asubuhi tutasoma wapi?

Mafundi wana jibu linaloitwa snapshoti, nami nitaliita picha ya papo. Ni ubunifu mzuri kweli, na ni lazima tuuelewe vizuri ili usitupe matumaini ya uongo. Mtambo wa hifadhi hugawa kila faili katika vipande vidogo, mara nyingi vya kilobaiti 4, kisha hutunza jedwali linaloonyesha kila kipande kiko wapi. Fikirieni daftari nene la parokia lenye fahirisi mwanzoni. Ukinakili fahirisi peke yake, na ukahakikisha kwamba hakuna ukurasa wa zamani utakaofutwa wala kuandikwa juu yake, umelihifadhi daftari zima kwa muda wa kunakili kurasa chache. Ubatizo wa kesho utaandikwa kwenye ukurasa mpya, na fahirisi ya leo itaendelea kuonyesha hali ya leo. Ndivyo ulivyofanya kazi mfumo wa WAFL wa kampuni ya NetApp, ulioelezwa hadharani mwaka 1994, na ndivyo inavyofanya ZFS, ambayo Sun Microsystems iliifungulia ulimwengu mwaka 2005 na ambayo leo mwanafunzi yeyote anaweza kuiweka bure kwenye kompyuta ya kawaida. Picha huchukuliwa kwa sekunde chache, na mwanzoni haili nafasi karibu yoyote. Unaweza kuchukua moja kila saa.

Lakini kurasa zile za zamani bado zimo ndani ya daftari lile lile. Daftari likiungua, fahirisi zote mia zimeungua nalo.

Tarehe 26 Septemba 2025 betri za lithiamu ziliwaka moto katika kituo cha data cha serikali huko Daejeon, Korea Kusini. Mfumo mmoja uitwao G-Drive, ambamo watumishi wa serikali waliweka nyaraka zao za kazi, uliteketea ukiwa na terabaiti 858, na haukuwa na nakala nje ya jengo. Korea Kusini ni nchi inayotengeneza chipu za kumbukumbu zinazotumika dunia nzima! Kabla ya hapo, Machi 2021, jengo la kampuni ya OVH liliungua Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba nakala zao rudufu zilikuwa katika kituo hicho hicho. Nasi tuko Kongo mashariki, eneo ambalo ni kati ya maeneo yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Ndugu zetu wa Goma waliona lava ya Nyiragongo ikipita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002. Sisi wenyewe tunajua maana ya kuondoka nyumbani usiku na kukuta ofisi imevunjwa. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: picha ya papo inastahili kuitwa nakala rudufu pale tu inapokuwa imekwisha kusafiri, ikakaa kwenye mtambo wa pili, katika mji wa pili, na ikajaribiwa kurejeshwa kutoka huko.

Kusafiri kunawezekanaje kwa mitandao yetu? Tufanye hesabu. Tuseme hospitali ina terabaiti 2, na mstari wake unatoa megabiti 10 kwa sekunde bila kukatika, jambo ambalo kwetu ni bahati. Kuzituma zote kutoka hapa Mahagi hadi mji wa Bunia kutachukua siku 18 na nusu. Hakuna mstari wetu utakaovumilia. Hapa ndipo picha za papo zinapoonyesha faida yake kubwa. Mtambo ukiwa na picha ya jana na ya leo, unalinganisha majedwali mawili na kujua mara moja vipande vilivyobadilika. Hauna haja ya kusoma faili zote. Kama vilivyobadilika ni gigabaiti 3, vitafika Bunia kwa dakika 40. Basi nakala ya kwanza, ile ya msingi, ichukuliwe kwa mkono: mtambo wa pili ujazwe hapa Mahagi, ufungwe kwa usimbaji, upandishwe gari kwenye Barabara ya Taifa namba 27, na ufunguo wake usipande gari hilo. Ukifika Bunia unawashwa, na kila usiku unapokea tofauti tu. Barabara ikifungwa, kama tulivyoizoea kufungwa, tofauti zinaendelea kupita.

Kuna sharti moja ambalo wasimamizi wengi hawalijui mpaka siku ya taabu. Ili tofauti itumwe, pande zote mbili zinapaswa kuwa na picha moja ya pamoja ya kuanzia. Diski ya Mahagi ikijaa, msimamizi akafuta picha za zamani ili apate nafasi, na ile ya pamoja ikawa miongoni mwa zilizofutwa, mnyororo umekatika: mnarudi kwenye siku 18, au kwenye gari. Mitambo mizuri ina njia ya kufunga picha hiyo isifutike, nayo itumike siku zote. Na nafasi ipangwe tangu mwanzo. Mahagi, penye diski chache, patunze picha za saa na za wiki moja hivi. Bunia patunze za miezi na mwaka. Tena mtu mwenye ruhusa ya kufuta Mahagi asiwe na ruhusa ya kufuta Bunia. Wezi wa siku hizi wanaoingia kwenye seva, wakafunga data na kudai fidia, kitu cha kwanza wanachotafuta ni nakala rudufu, waziharibu kabla mwenyewe hajashtuka.

Jambo la pili linahusu hifadhidata. DHIS2 hukaa juu ya PostgreSQL, na PostgreSQL huandika mahali pawili: kwenye data zenyewe na kwenye kumbukumbu ya miamala. Ikiwa sehemu hizo ziko kwenye diski mbili tofauti, na picha ya moja ikachukuliwa saa nane kamili, ya pili saa nane na dakika moja, umechukua picha mbili nzuri zisizofaa kitu. Lazima zichukuliwe pamoja, kwa tendo moja. Hilo halionekani kwenye ripoti ya kila asubuhi inayosema kazi imefaulu.

Ripoti kama hizo zinanipeleka kwenye kisa ambacho kila msimamizi wa mifumo angepaswa kukisoma. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab alikuwa akihangaika na seva ya pili iliyokataa kwenda sambamba na ya kwanza. Akaamua kufuta data za ile ya pili aanze upya. Amri aliiandika kwenye seva ya kwanza. Alipoisimamisha baada ya sekunde moja au mbili, kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Wakakimbilia nakala rudufu, na njia moja baada ya nyingine ikawaangusha. Nakala za kila siku zilikuwa zimeshindikana kimyakimya kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani kuliko hifadhidata, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikataliwa na mfumo wa barua pepe. Ghala lao la mbali lilikuwa tupu. Kilichowaokoa ni picha ya papo ambayo mhandisi huyo huyo aliichukua kwa mkono saa 6 kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Na hata hivyo, kuinakili kutoka mtambo wa majaribio, ilikokuwa imewekwa, kurudi kwenye mtambo mkuu kulichukua karibu saa 18, kwa sababu diski zake zilikuwa za polepole. Nawasifu watu wale kwa jambo moja: walieleza yote hadharani, hatua kwa hatua, nasi tunajifunza kwao.

Saa zile 18 zina somo kuhusu manunuzi. Tukinunua mtambo wa pili wa bei rahisi sana, utapokea vizuri, lakini siku ya kurudisha utatufanya tungoje. Tena picha za papo za mtengenezaji mmoja kwa kawaida hazisomeki kwenye mtambo wa mwingine. NetApp huzungumza na NetApp, ZFS na ZFS. Nimeona ofisi zikipewa msaada wa seva ya kampuni hii mwaka huu na ya kampuni ile mwaka ujao, kila moja na nembo ya mfadhili mlangoni, na hakuna mbili zinazoelewana. Wakubwa mnaoketi mezani na wafadhili, nawasihi: ombeni jozi. Seva ndogo mbili zinazoelewana, moja hapa na moja Bunia, zina faida kuliko kubwa moja.

Kurejesha ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo isiyofanywa. Mimi na wanafunzi tunaifanya hivi. Tunafuta kwa makusudi jedwali la wagonjwa wa mfano kwenye seva ya mazoezi. Kuanzia hapo saa inahesabu. Hatugusi mtambo mkuu, wala hatuirudishi picha juu yake, maana ukirudi nyuma hivyo unapoteza pia kazi njema iliyofanyika tangu picha ichukuliwe. Kwenye mtambo wa pili tunafungua picha ya usiku uliopita kama pacha linaloweza kuandikwa, tunaiwashia PostgreSQL, tunaisubiri ipitie kumbukumbu ya miamala. Kisha mwanafunzi mmoja anakaa na daftari la karatasi, mwingine na skrini. Mmoja anasoma jina la mfano, umri, tarehe ya kulazwa, mwingine anajibu. Wanakwenda mstari kwa mstari mpaka wanaridhika. Baada ya hapo ndipo jedwali linapotumwa kwenye mtambo mkuu na saa kusimamishwa. Muda huo unaandikwa ukutani, kwa sababu mganga mkuu ana haki ya kujua atakaa muda gani bila rekodi zake.

Sisi wa Mahagi tuko mpakani, na wapo wanaosema tuweke nakala ng'ambo, Uganda, ambako umeme na intaneti vinapatikana kwa urahisi zaidi. Silikatai wazo hilo moja kwa moja, ila data za wagonjwa si magunia ya kahawa. Kongo ina Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, Uganda ina sheria yake ya faragha ya 2019, na anayevusha taarifa za watu lazima azijibu zote mbili.

Kuhusu nani ashike nakala, historia ya teritwari yetu ina la kutuambia. Kituo cha utafiti cha Nioka kilikuwa cha INEAC, taasisi ya kikoloni iliyoundwa mwaka 1933 na kuwa na kituo chake kikuu cha utafiti Yangambi. Vituo vya INEAC vilipima mvua, joto na mazao miaka mingi, na nakala za taarifa zilipelekwa Ubelgiji. Watafiti wa mradi wa COBECORE wamezipiga picha karatasi hizo kwenye hifadhi za nyaraka za huko na kuzigeuza kuwa data, na kwa msaada wake tunaweza kujua hali ya hewa ya bonde la Kongo ilikuwaje kabla ya 1960. Zilisalia kwa sababu zilisafiri. Lakini zilisafiri kwa mtawala, na mtoto wa Nioka anayetaka kujua mvua ya kwao ya zamani anategemea hifadhi ya Brussels. Nakala zetu za sasa zisafiri pia, zikiwa na funguo mikononi mwa Waituri wenyewe.

Viongozi wa mkoa na wa vyuo mliopo hapa, ninawaomba vyumba viwili vyenye umeme wa jua na mlinzi, kimoja Mahagi na kimoja Bunia. Wakuu wa hospitali na shule, kabla ya mwezi huu kwisha mwambieni msimamizi wenu arejeshe faili moja tu, mbele yenu, kutoka mtambo ambao haumo ndani ya jengo lenu. Akishindwa, msimfukuze. Mleteni kwetu, tutafanya naye kazi.